Siku Moja Maishani Mwangu: Simu Nne Kwenye Treni ya Dodoma

Saa 11:00 alfajiri. Kazi yangu ni kupima mtandao wa simu, na leo zamu yangu ni reli ya SGR, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na kurudi. Kabla ya kuoga nakagua mkoba: kompyuta mpakato, kipokezi cha GPS, pawabenki mbili na simu nne. Ya kwanza hupakua faili bila kupumzika, ya pili hukaa hewani kwa simu ndefu, ya tatu hupiga simu fupi fupi, na ya nne haina kazi ila kusubiri kupigiwa na mashine iliyoko ofisini, kila baada ya dakika 2. Vijana wapya kazini huidharau hiyo ya nne. Mimi ndiyo ninayoitazama zaidi, kwa sababu simu za watu wengi hushinda katika hali hiyo hiyo ya kusubiri.

Saa 12:30 asubuhi. Treni bado haijaondoka, nami natumia dakika hizi kuhakikisha kwamba kila simu iko katika hali inayotakiwa. Katika 4G, simu iliyosajiliwa ama iko macho ama imelala. Ikiwa macho, mtandao unaujua mnara hasa unaoihudumia, na ni mtandao unaoamua lini ihamishiwe mnara mwingine, kwa kutegemea vipimo ambavyo simu yenyewe huvituma. Ikilala, mambo hugeuka: simu ndiyo inayojichagulia mnara bila kumwarifu yeyote, na mtandao unajua tu kwamba imo ndani ya eneo fulani lenye minara kadhaa. Mtu akiipigia, minara ya eneo hilo huitangaza hewani kama mpiga mbiu, nayo simu, ambayo huzinduka kwa kitambo kidogo mno kila baada ya sekunde 1.28 au muda mwingine uliopangwa, husikia mbiu na kuitika.

Teknolojia ya 5G iliongeza hali ya tatu, ambayo mimi huiita kusinzia: simu hupumzika karibu kama iliyolala, lakini mnara wa mwisho huendelea kutunza kumbukumbu zake, hivyo ikiamka haihitaji kuanza kujitambulisha upya. Leo lakini nimezifunga simu zote nne kwenye 4G.

Saa 1:10 asubuhi. Tumeshaipita Soga na treni imefikia kilomita 160 kwa saa, yaani kama mita 44 kila sekunde. Hapa kasi huanza kuidhuru simu iliyolala. Kwa kawaida simu haihami mnara papo hapo inapousikia mwingine wenye nguvu zaidi. Husubiri sekunde chache ijiridhishe, isije ikawa inarukaruka kati ya minara miwili. Kwa mtu anayetembea Kariakoo, kungoja sekunde 4 si kitu. Kwangu mimi hapa dirishani, sekunde 4 ni karibu mita 180, na mnara wa zamani unazidi kufifia nyuma yetu.

Dawa yake ipo tangu viwango vya awali vya 4G. Simu huhesabu imebadilisha minara mingapi ndani ya muda uliowekwa, na hesabu ikipita kiwango fulani hujihesabu kuwa katika mwendo wa kati au mwendo wa kasi, kisha hupunguza muda wa kusubiri, hata kufikia robo yake. Kurudi kwenye mnara uliouacha sasa hivi hakuhesabiwi, la sivyo simu iliyotulia mezani katikati ya minara miwili ingejidhania iko safarini. Ni utaratibu mzuri, ila haufanyi kazi mpaka mtandao utangaze vigezo vyake, na katika kipande hiki naona vimetangazwa.

Saa 1:30 asubuhi. Kati ya Ruvu na Ngerengere simu ya nne inanyamaza. Simu ya saa 1:30 haikuita, wala ile ya saa 1:32. Mama aliyeketi pembeni yangu, ambaye nilimwamkia tulipoondoka, ananigeukia.

“Mwanangu, hizo simu zako zinasoma mtandao? Mdogo wako wa Dodoma ametuma ujumbe, anasema kanipigia anaambiwa sipatikani, na simu ninayo mkononi.”

“Mtandao upo, mama. Nadhani simu yako imehama mtaa, na mwenye barua bado anabisha hodi mtaa wa zamani.”

Anacheka, lakini ndivyo ilivyo. Tumevuka mpaka wa eneo, na kila simu iliyolala humu ndani inatakiwa iamke iseme imehamia wapi. Tumo mamia ya abiria, na sote tumevuka mpaka ndani ya sekunde chache. Mnara una hodi 64 tu za kubishiwa, yaani ishara fupi ambazo simu huchagua moja ili kuomba nafasi ya kuongea nao. Simu mbili zikichagua moja kwa wakati mmoja hugongana, na hapa bati la behewa limeshadhoofisha mawimbi. Simu ikishindwa kujisajili husubiri sekunde 10 na kujaribu tena. Ikishindwa mara tano, hutulia kwa dakika 12, kama mtandao haukupanga vingine. Kwa kasi yetu, dakika 12 ni kilomita 32.

Simu ya mama ilikuwa huru kukimbilia 2G, kwa hiyo alikosekana kwa muda mfupi tu. Yangu, niliyoifungia kwenye 4G, imekosa simu saba mfululizo.

Saa 4:00 asubuhi. Dodoma. Kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa hapakuwa na jambo nisilolitarajia.

Saa 7:00 mchana. Baada ya wali na maharage nafungua kumbukumbu za safari. Majaribio matano yamo, yote yameshindwa katika hatua ya kubisha hodi, kisha kimya. Simu ya kwanza, iliyokuwa macho muda wote, ilivuka mpaka ule ule bila kukatika, na ndiyo maana ramani ya kasi ya kupakua, ambayo wakubwa huipenda, inaonyesha kijani kitupu mahali ambapo watu hawapatikani. Ninaandika pendekezo: simu zipewe orodha ya maeneo yanayopishana, na kila moja ipewe orodha tofauti na ya jirani yake, ili zisivuke mpaka zote kwa pamoja.

Saa 1:50 usiku. Kwenye treni ya kurudi nusu ya viti ni vitupu. Hakuna kilichobadilishwa kwenye mtandao, kwa sababu badiliko la namna hii hupitia vikao. Tunavuka mpaka, simu ya nne inajisajili kwa jaribio la kwanza, na saa 1:52 inaita. Si ushahidi kamili, lakini naongeza sentensi moja kwenye pendekezo langu, kwamba safari ijayo nataka kupima Ijumaa jioni, treni ikiwa imejaa.