Tathmini nimeiacha wazi

Saa mbili usiku hapa Pasua, Moshi, baridi ya Julai imekaza kweli, nimejitanda kitenge na daftari la maandalio ya masomo liko mezani tangu jioni. Kesho nina kipindi pacha Kidato cha Tatu, dakika 80, tamthiliya ya Ngoswe.

Andalio lenyewe lingeisha dakika kumi, la mwaka jana ninalo, nabadilisha tarehe na idadi ya wanafunzi, mkuu wa idara anasaini basi. Na mwaka jana nilifundisha hivyo hivyo, nikaandika dhamira ubaoni, mapenzi, uzembe, elimu, nafasi ya mwanamke, wakanakili, nikajaza kwenye tathmini "somo limeeleweka". Mtihani ukaja swali limegeuzwa kidogo tu, watoto wakamwaga orodha yangu vile vile ilivyo. Hoja tatu wanazitaja, mfano wa kuishika hoja hawana. Iliniuma na bado inaniuma, maana walifanya nilichowafundisha.

Leo nimeanza upande mwingine kabisa. Sensa ya Agosti 2022 hawa walikuwa bado shule ya msingi, ila karani aliyekuja na kishikwambi lazima wanamkumbuka. Basi kwenye utangulizi nimeandika maswali tu: aliuliza nini kwenu, nani alimjibu, kuna mtu alificha kitu? Wakishachangamka ndo tunamwingiza Ngoswe, karani wa serikali aliyetumwa kijijini kuhesabu watu akanasa kwa Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, mwisho karatasi za sensa zikaungua. Hapo nitawauliza, zile karatasi zikiungua nani kapata hasara? Nataka neno uzembe walitoe wao, mimi nisilitaje.

Shida ni vitabu, tunavyo 11 kwa watoto 56, kwa hiyo watasoma kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake. Mitomingi nimempa yule kijana wa dirishani ambaye tangu Januari sijamsikia akiongea darasani, ana sauti nzito nzuri, nilimsikia siku moja uwanjani akiwaita wenzake. Nimefikiria sana kama nitamtia aibu. Nitamfuata asubuhi kabla ya mstarini nimwonyeshe ukurasa, akisema hapana namwachia.

Utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, vyote nimejaza. Kile kisehemu cha tathmini chini kabisa nimekiacha wazi, nitakijaza kesho mchana tukishatoka darasani.