Matetea wetu wameanza kutaga, na mtaa mzima umejua

Jamani huku Chanika wiki hii ni kelele tu. Mtetea akidondosha yai lake la kwanza anatangaza kama mgombea udiwani, na kinachonichekesha wenzake ambao hawajataga hata nusu yai nao wanaitikia, halafu jogoo anadakia kana kwamba kuna kazi kafanya. Kwa yai la kula hakuna alichofanya, kuku anataga awe na jogoo au asiwe naye, ila hilo ukilisema mtaani kwetu unaweza kubishana mpaka magharibi.

Hawa wangu ni kuroila, wale chotara wenye asili ya India ambao siku hizi kila banda wapo. Swali ninaloulizwa sana ni "wana miezi mingapi?" na mimi swali hilo silipendi. Sawa, kuroila wengi wanaanza kwenye mwezi wa tano au wa sita hivi, kienyeji wetu wa kawaida anaweza kusogea hata wa saba au wa nane, lakini kuku hasomi kalenda, akiugua utotoni au ukimlisha pumba tupu atachelewa tu hata uhesabu vipi. Muangalie kuku mwenyewe.

Upanga wa kichwani na ndevu za chini ya mdomo vinakua na kuwa vyekundu kweli kweli, sio ule wekundu uliopauka wa kuku mtoto. Anaanza kuzungukazunguka kwenye pembe za banda, anachungulia ndoo, maboksi, chini ya ngazi, yaani anatafuta nyumba. Ukimsogelea anachuchumaa na kutanua mabawa kidogo, hapo ujue homoni zimeamka na anakuchukulia wewe ndo jogoo, usijisifu. Lakini ninachokiamini kuliko vyote ni vidole: mshike vizuri, gusa ile mifupa miwili ya nyonga iliyo karibu na pale anapotolea yai, kama hata kidole kimoja kinapita kwa shida basi bado sana, vikipita viwili na ukasikia panalegea, andaa kiota.

Sasa kwenye chakula ndo watu wanapochoma hela. Mtu anasikia jirani kaanza kuokota mayai, kesho yake kabeba mfuko wa layers mash, chakula cha kuku wanaotaga, anawamwagia matetea ambao upanga haujachomoza vizuri, akidhani atawaharakisha. Wapi! Ile layers mash ina kalsiamu kama asilimia 3.5 hadi 4 wakati ya growers, chakula cha kuku wanaokua, ni karibu asilimia 1 tu, na sababu ni kwamba ganda moja la yai linakula kama gramu 2 za kalsiamu. Anayetaga ana pa kuipeleka. Ambaye hajaanza hana pa kuipeleka, figo ndo zinabaki kuhangaika nayo, na figo za kuku zikishaharibika ndo basi tena. Mimi nabadilisha nikishaona mayai ya kwanza na wengi wao wameiva, nachanganya kidogo kidogo, na pembeni naweka chombo cha chokaa ya mifugo na maganda ya mayai yaliyokaushwa, anayehitaji anajidonolea (ila maganda yaponde kabisa yasifanane na yai, usije ukawafundisha kula mayai yao wenyewe, tabia hiyo ikishaingia kuitoa ni kazi kweli).

Na maji. Robo tatu hivi ya yai ni maji, kwa hili joto letu chombo kikishinda kimekauka mayai utayaona yanapungua.

Kitu kingine kinachogombanisha watu ni hesabu. Kuku jana kataga, leo hakuna yai, basi watoto wa jirani wanaanza kutazamwa vibaya. Yai moja linachukua kama saa 25 kutengenezwa, na kama 20 kati ya hizo ni za ganda tu, kwa hiyo akitaga leo saa mbili asubuhi kesho itakuwa saa tatu, keshokutwa saa nne na kitu, anasogea hivyo hivyo mpaka inafika siku anaruka. Na huyu anayeanza ndo hana ratiba kabisa, mwili bado unajifunza. Utakuta kiyai kidogo kama cha njiwa hakina kiini, utakuta jingine lina viini viwili, jingine laini halina ganda, jingine lina mstari wa damu kwa nje. Ni kawaida kwa anayeanza. Damu ikiendelea kila siku au maganda laini yasipoisha, hapo ndo uite mtaalamu wa mifugo.

Nimeona pia watu wanashauriana kufunga taa bandani kuku wapate mwanga wa saa 16 kwa siku. Huo ushauri una maana sana kule Ulaya ambako majira ya baridi jua linazama mapema na kuku wengi wanapunguza au kuacha kutaga. Hapa Dar tofauti ya mchana wa Juni na wa Desemba haifiki hata saa moja! Kwa kuku wachache wa nyuma ya nyumba mimi sioni haja ya kuongeza bili ya umeme, tena ukimulika matetea ambao hawajakomaa unawalazimisha kutaga nyonga zikiwa bado finyu, kizazi kinaweza kutoka nje na wenzake wakaanza kumdonoa.

Viota vyangu ni maboksi ya mbao yenye maranda, sehemu yenye giza giza, kimoja kwa kuku wanne au watano, ndani nimeweka mpira wa gofu kama yai bandia wajue pa kutagia. Kuna mmoja kagoma, anataga kwenye beseni la kufulia, tumemuachia beseni.

Mnaonitumia meseji mnataka mayai ya kutotolesha, haya ya mwanzo siwapi, ni madogo na vifaranga vyake vinatoka dhaifu, subirini yakue. Kwa sasa ni ya kula tu, mia tano yai moja, na wale wa mkopo mnajijua.