Mkeka uliobaki Chalbi

Mtoto amekuja na homuweki ya CBC tena, ule mtaala wa umilisi wa shule zetu. Safari hii wametakiwa watengeneze nyumba ya jamii moja ya Kenya kwa vitu vya nyumbani, mwalimu akawagawia, yeye akaangukia Wagabra, wale wafugaji wa ngamia wa kaskazini. Ananiuliza, mama, ukuta wa nyumba ya Wagabra ni wa udongo ama wa mabati? Nikamwambia mikeka. Akacheka, akadhani namtania. Nikaweka makasi chini, maana huo mkeka mimi nimeushika na mikono yangu na nimeuona ukipasuka, na sijawahi kuliandika hili jambo popote.

Ilikuwa Oktoba 2019, ile wiki baada ya Eliud Kipchoge kukimbia Vienna kwa 1:59:40 na nchi nzima imepanda mori. Alhamisi usiku shem anatuma voisnoti kwa grupu ya familia, kwamba sikukuu ya Mashujaa imeangukia Jumapili kwa hivyo Jumatatu hakuna kazi, lami ya Moyale imekamilika, yeye hajawahi kuona Ziwa Turkana wala ile mitambo 365 ya stima ya upepo, basi kesho asubuhi na mapema anapita kwetu na Prado. Hakuuliza kama tunaenda. Dadangu akapika chapati usiku huo huo, mimi nikaomba ruhusa kazini, watoto wakabaki kwa nyanya yao, tukatoka.

Lami ilikuwa tamu. Isiolo, Archers Post, mlima Ololokwe umekaa pale umekatwa juu na kisu, Laisamis, jioni tuko Marsabit kwenye baridi na ukungu, mtu huwezi amini jangwa liko hapo chini tu. Tukalala. Asubuhi kwa petroli mzee mmoja akatuambia mvua imenyesha mlimani siku hizo, tuulize Kalacha kabla ya kuingia jangwa la Chalbi. Tukauliza Kalacha, pale kwenye chemchemi na mikoma, wakasema lori limepita jana vizuri, fuateni njia yake. Tukafuata njia ya lori.

Kama hujafika Chalbi unafikiri jangwa ni michanga na vilima. Ile ni sakafu ya ziwa la zamani, tambarare mpaka macho yanachoka, nyeupe kwa chumvi, na mbele yako mazigazi yanakuonyesha maji na miti ambayo haipo. Shem alifungua madirisha yote akaanza kuimba. Nami nilikuwa na furaha, nakumbuka nilitoa mkono nje nikaacha upepo uupige. Kitu ambacho hakionekani ni kwamba juu chumvi imekauka lakini chini kuna matope, na si lazima mvua inyeshe hapo, inanyesha huko mlimani halafu maji yanateremka mpaka kwenye hilo bonde ambalo halina pa kuyatolea. Alama za tairi za lori mbele yetu zilionekana kavu kabisa.

Gari ilizama kwa ulaini hata hakukuwa na kishindo. Mbele ikaenda chini, shem akakanyaga mafuta, nyuma nayo ikafuata, kufungua mlango tope liko hapo hapo, la kijivu, linanata kama ugali usioiva. Tulichimba na sepetu mpaka giza. Jeki nayo ikazama, tukaweka ubao chini yake, ubao nao ukazama. Netiwaki hakuna. Tulikuwa na mtungi wa maji wa lita 20 ambao haujafika nusu kuisha, chapati na soda, kwa hivyo si kwamba tungekufa, lakini upepo wa usiku ule ulivuma bila kupumzika hata dakika moja, gari inatikisika, dadangu anaomba kwa sauti ya chini, na shem kwa mara ya kwanza tangu nimjue hana la kusema.

Kulipokucha ndio tukawaona. Mwanzoni nilijua ni mazigazi tena, vitu virefu vinaelea, havina miguu. Halafu miguu ikatokea. Ngamia wakiwa kwenye mstari, kila mmoja amefungwa kwa aliye mbele yake, na juu ya migongo yao fito zilizopinda zimesimama huku na huku, na mikeka, na ngozi, na vyombo vya maziwa vilivyofumwa. Nyumba nzima inatembea. Familia moja inahama kufuata mvua ile ile iliyotukwamisha.

Mzee akatusalimia, nagaa, tukaitikia vile tulivyoweza. Kulikuwa na kijana wao aliyesoma, Kiswahili chake cha shule kimenyooka kuliko changu. Mzee alizunguka gari akidunga ardhi na fimbo, hatua kwa hatua, kisha kijana akasema, “Mzee anasema msiende mbele tena. Mlikotoka ndiko kuna ardhi. Na mizigo yote ishuke.” Tukashusha kila kitu. Tukachimba upya, safari hii nyuma ya tairi za nyuma, na watu tumeongezeka. Lakini ilihitajika kitu cha kuweka chini ya tairi, na pale Chalbi hakuna jiwe, hakuna kijiti, hakuna hata nyasi. Unageuka pande zote ni chumvi.

Mzee akamwambia mama wa ile familia neno. Mama akamjibu, maneno kadhaa, si kwa ukali, kama watu wanaohesabu jambo. Mzee akanyamaza. Nikaelewa kwamba mwenye kuamua ni mama.

Akamwendea ngamia wa pili, akamwambia kitu, ngamia akapiga magoti. Akafungua kamba, akavuta mkeka mmoja, akaukunjua nusu, akautazama. Akaukunja tena akaurudisha mahali pake. Akavuta mwingine. Huo akaupitisha kiganja kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, taratibu, kama anatafuta kitu kwa vidole, halafu akaniangalia mimi, si shem, mimi, akanipa ncha moja nishike. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, kamba za mkonge zimesokotwa zikafumwa pamoja, na unanuka moshi na maziwa, harufu ya ndani ya nyumba ya mtu. Tukaubeba wawili. Akanionyesha namna ya kuukunja mara mbili na kuusukuma chini ya tairi, akapiga magoti kwenye tope lile na nguo zake safi, mimi niko upande wa pili, vichwa vyetu viko karibu kiasi kwamba nilikuwa nasikia pumzi zake. Nikamwambia asante. Akatingisha kichwa na kuendelea kusukuma.

Shem akaweka gia ya nyuma. Sisi wengine wote tukasukuma kutoka mbele, mzee pia, yule kijana pia. Gari ikanguruma, tairi ikashika mkeka, na nikasikia kamba zinakatika, moja, moja, halafu nyingi kwa pamoja. Gari ikapanda. Tukapiga kelele za furaha mimi na dadangu tukakumbatiana, na nilipogeuka nikamwona mama ameinama anavuta. Nikakimbia kumsaidia. Tulivuta kwa nguvu zetu zote na kilichotoka ni kama nusu, ile nyingine ilibaki huko chini na sidhani kama imewahi kutoka. Hakuna maji ya kuosha. Akakung'uta alichoweza, akakikunja kile kipande, akakirudisha juu ya ngamia akakifunga vizuri na kamba, sawasawa na alivyofunga ile mikeka mizima. Hakusema kitu.

Shem akatoa pesa, noti kadhaa, akampa mzee. Mzee akamwonyesha mama. Mama akazipokea akazifunga kwenye ncha ya nguo bila kuzihesabu. Tukawapa sukari, majani ya chai na chapati zilizobaki. Wakati wanaondoka kijana akarudi mbio, nikafikiri wanataka kuongezwa. “Mama anauliza kama mna maji ya kutosha kurudi.”

Tulirudi Kalacha, tukarudi Marsabit, Jumatatu usiku tuko nyumbani. Ziwa hatukuliona, mitambo hatukuiona. Shem hadi leo akisimulia hii stori kwa sherehe watu wanacheka mpaka machozi, na anaisimulia vizuri, lakini mkeka huwa ni sentensi moja tu kwake, “wakatuwekea mkeka tukatoka.”

Kazini nina rafiki wa Marsabit. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akanifafanulia kwamba kwao nyumba ni ya mwanamke, yeye ndiye anaijenga, anaibomoa na kuipakia, na mikeka hiyo ni kazi ya mikono yake. Binti akiolewa mama anashughulikia nyumba yake pia. Kwa hivyo sijui ule ulikuwa ukuta wake wa kulala usiku huo au ulikuwa unasubiri msichana fulani.

Halafu mvua ile ya 2019 iliyozidi, ikaja kugeuka. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo mvua ikakosa kaskazini, nanyi mliona kwenye TV mizoga imelala kandokando ya barabara, ng'ombe, mbuzi, mwishowe hadi ngamia ambaye tulifundishwa havunjwi na ukame. Kila taarifa ya habari nilikuwa natazama nyuma ya mtangazaji, natafuta ngamia aliyepakiwa fito. Ngamia wa kubeba nyumba akifa, nyumba inabebwa na nani? Rafiki yangu anasema wengi walibaki karibu na vituo, na huko unajengewa na mabati. Tulichanga kazini, nilichanga, pesa ikaenda ilikoenda. Nilimwomba anitafutie ile familia. Akaniuliza jina, ukoo, wanachotea maji kisima gani. Nilikuwa na mkeka tu wa kumweleza.

Shem anashikilia kwamba tulilipa, na ile pesa ingetosha kununua mikeka hata mitatu. Inawezekana. Lakini mimi kila nikifika hapo kwenye stori namwona akiurudisha ule wa kwanza na kuvuta wa pili, na sijui kama alichagua ule uliochakaa kwa sababu hautamuuma sana, ama alichagua ulio imara kuliko yote kwa sababu ndio ungebeba gari yetu. Kama kuna mtu wa Kalacha au North Horr anasoma hapa na anaijua familia iliyovuka Chalbi asubuhi ya Mashujaa mwaka ule ikakuta gari ya watu wa Nairobi, hilo ndilo nataka kumuuliza mama, kabla hatujafika kwa mambo ya pesa.