Kutoka Maskati na kurudi siku moja: ngome za Nizwa au mchanga wa Sharqiya, si vyote viwili

Mgeni mwenye siku tatu nne Maskati huomba gari binafsi, dereva, na siku moja ya kuona Nizwa pamoja na jangwa. Wapo watakaomkubalia bila kuuliza mara mbili, lakini hesabu yake haikai. Maskati hadi Nizwa ni kama kilomita 150, karibu saa mbili barabarani. Nizwa hadi Bidiyah, mlango wa mchanga, ni saa mbili nyingine. Bidiyah hadi Maskati ni kilomita 220 na ushei, yaani saa mbili na nusu. Hapo umeshakaa kitini zaidi ya saa sita na hujashuka kuangalia hata ukuta mmoja. Desemba jua huzama kama saa 11 na dakika 20 jioni. Kwa hiyo ngome utaipita mbiombio, na jangwa utalikuta giza.

Gawa siku mbili. Kama unayo moja tu, chagua, na usijute.

Kwanza gari na mtu wa kuliendesha. Bei ya safari binafsi hutajwa kwa gari, si kwa kichwa, kwa hiyo watu wanne hulipa sawa na mmoja. Riali ya Omani imefungwa na dola kwa kiwango kisichobadilika, riali 1 kwa kama dola 2.60. Anayekuambia "riali kumi tu za ziada" anataja dola 26, na hiyo "tu" isikulevye. Uliza mambo haya kabla ya kukubali: tiketi za ngome zimo kwenye bei? Saa za kazi ni ngapi, nane au kumi, na zinaanza kuhesabiwa kwako au kwake? Anayekuja ni muongozaji mwenye leseni ya wizara ya urithi na utalii, au ni dereva tu? Dereva tu atakuacha mlangoni na kukusubiri kivulini. Si kosa lake, ndicho ulichokilipia. Mafuta yasiwe kisingizio cha kupandisha bei, maana lita moja ya petroli Omani huuzwa chini ya robo riali.

Uliza pia kama yuko dereva anayezungumza Kiswahili. Hilo si ombi la ajabu hata kidogo. Familia nyingi zilihamia Omani kutoka Unguja na Pemba baada ya mapinduzi ya 1964, na nyingine zikafuata baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wakiwemo waliotoka bara mpaka Kongo na Burundi. Ukimsalimia "shikamoo" mzee mwenye kanzu na kofia, usishangae akijibu "marahaba" na kukuuliza kwenu wapi.

Jambo moja linalovuruga ratiba kabla haijaanza ni mahali pa kuchukuliwa. Maskati si mji wa duara. Umetambaa kando ya bahari, na kutoka Muttrah hadi upande wa uwanja wa ndege, barabara ya Nizwa inakoanzia, asubuhi ya kazi inaweza kula dakika 40. Ukilala Muttrah, ongeza muda huo. Wikiendi ya Omani ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumapili nayo ni asubuhi ya kazi.

Siku ya ngome nenda mbali kwanza, kisha rudi ukikaribia. Wengi huanza na Nizwa kwa kuwa iko njiani, wakafika Jabrin wamechoka, nayo ndiyo bora kuliko zote. Toka Maskati saa 1 asubuhi, pita Nizwa bila kusimama, na saa 3 na robo uko Jabrin. Wakati huo mabasi ya makundi bado yako kwenye ngome ya Nizwa.

Jabrin ni kasri zaidi kuliko ngome. Ilijengwa miaka ya 1670 na Imamu Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Ya'rubi, na ndani yake alifungua chuo cha elimu. Inua macho kwenye dari: boriti zimechorwa maua kwa rangi nyekundu na nyeusi ambazo bado zinaonekana. Chumba cha Jua na Mwezi kina madirisha 14, saba chini na saba juu. Hewa baridi huingia kwa ya chini na ya moto hutokea juu. Simama katikati uisikie kwenye vifundo vya miguu. Kisha shuka ghala la tende. Sakafu yake ina mifereji. Magunia yalipangwa juu ya matuta yake, uzito ukazikamua tende za chini zenyewe, na asali ya tende ikachuruzika mpaka kwenye mtungi. Sehemu ya asali hiyo ilitumika jikoni. Nyingine ilichemshwa na kumwagiwa adui kupitia tundu juu ya mlango, na tundu hizo utaziona tena Nizwa.

Kaburi la Bil'arab liko humo humo, karibu na mfereji wa maji unaopita chini ya jengo. Alifia ndani ya kasri lake akiwa amezingirwa na ndugu yake wa damu, Saif bin Sultan, aliyetwaa uimamu mwaka 1692. Saif huyo ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu 1696 na kuitwaa Desemba 1698. Na baba yao wote wawili, Sultan bin Saif, ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na ndiye aliyejenga mnara mkubwa wa Nizwa utakaouona mchana. Kwa hiyo siku hii unaitembelea nyumba ya familia moja, na mtu wa Mombasa anahusika nayo kuliko anavyodhani. Jabrin ipe saa moja na nusu.

Ngome ya Bahla iko kama kilomita kumi tu kutoka hapo. Iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya hatari, ikatolewa 2004. Sababu ya hatari utaielewa ukigusa ukuta: tofali za udongo zisizochomwa, ambazo mvua huzirudisha kuwa tope kama hakuna wa kuzipaka upya. Ukuta wa mji wote una urefu wa kama kilomita 12. Ndani vyumba ni vitupu, ngazi hazilingani, na sehemu nyingi hazina kitu cha kushika, kwa hiyo mtoto mdogo ashikwe mkono. Kwa maoni yetu Bahla ni ya kutazamwa kwa nje. Mwambie dereva asimame mahali pa juu kando ya barabara, uione ikiwa imekaa juu ya mwamba wake, kisha ndani dakika 45 zinatosha.

Chakula cha mchana kula Nizwa, wali na nyama, hakuna la kueleza. Kabla ya mnara pita Falaj Daris, mmoja wa mifereji mitano ya Omani iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2006. Wenyeji huingiza miguu majini, nawe ingiza.

Ngome ya Nizwa iache mpaka saa 9 alasiri, kwa sababu soko la pembeni yake hufunga adhuhuri na kufungua tena kama saa 10. Ukija mchana utakuta milango ya mbao imefungwa na paka wamelala. Tiketi ya mgeni ni riali 5, kwa hiyo usiiharakishe. Mnara una matundu 24 ya mizinga yanayotazama pande zote. Sehemu yake ya chini imeshindiliwa mawe na udongo, na ndiyo iliyouwezesha kustahimili mtikisiko wa mizinga yake yenyewe. Ngazi inapinda mara kwa mara na kila pindo lina mlango. Tazama juu ya mlango uone tundu la asali, kisha tazama chini: mbao zilizo mbele ya mlango ziliweza kuondolewa, na aliyekuja mbio gizani akatumbukia shimoni.

Watu huulizia mnada wa mbuzi wa Ijumaa. Upo na unapendeza: wauzaji wanazunguka na mbuzi wao kwenye duara wakipaza bei, wanunuzi wanafungua mdomo wa mnyama kuangalia meno. Lakini huanza alfajiri na saa 3 umekwisha, kwa hiyo toka Maskati saa 10 na nusu usiku. Na Ijumaa saa za ngome hufupishwa kwa ajili ya sala, basi siku hiyo Jabrin na Bahla huenda usizipate. Chagua mbuzi au dari.

Siku ya jangwa ni kazi nyingine kabisa. Mchanga wa Sharqiya, ambao ramani nyingi huuita Wahiba, una kama kilomita za mraba 12,500, urefu wa kilomita 180 kaskazini kwenda kusini, na matuta yanayofika mita 100. Toka Maskati saa 1 na nusu asubuhi, anza na Wadi Bani Khalid, bonde lenye madimbwi ya maji, kuogelea kabla watu hawajajaa, kisha ingia mchangani saa 9 alasiri. Adhuhuri ni wakati mbaya. Mchanga uliokauka kwa jua ni mlegevu, na mwanga ukitoka utosini hakuna kivuli, dereva haoni ukingo wa tuta unapokatika. Alasiri kivuli kinamwonyesha. Huko wadini vaa nguo za kuogea zenye staha, na mvua ikiwa milimani usiingie kabisa. Maji hushuka hata kama juu yako mbingu ni nyeupe, na kuvuka wadi lililofurika ni kosa la kisheria Omani.

Gari liwe la forwili la kweli. Ukikodi mwenyewe, soma mkataba: mara nyingi bima haifiki nje ya lami, na gari likipinduka tutani, deni ni lako. Kwa sababu hiyo safari ya mchangani ni afadhali ulipie gari pamoja na dereva wake.

Utamjua dereva anayejua kazi kwenye upepo wa matairi. Barabarani hutembea na psi 35. Kabla ya mchanga anashusha mpaka kati ya 15 na 18 kila tairi, tena kwa geji, si kwa kupiga teke. Tairi lililolegea halitanuki sana kwa upana, linarefuka, na uzito ule ule unagawanyika juu ya mchanga mwingi zaidi. Asiyeshusha, akisema gari lake lina nguvu, mwambie arudi. Upepo mdogo una masharti yake: ukikata usukani ghafla, mdomo wa tairi unachomoka kwenye rimu, na kulirudisha mchangani ni shughuli ya saa nzima, jeki ikizama.

Tuta hupandwa moja kwa moja, kamwe si kwa ubavu, kwani gari linalokwenda mshazari huteleza upande wa chini na kubiringika. Mwendo huchukuliwa chini, kabla ya mwinuko, na mafuta hupunguzwa karibu na kilele ili usiruke upande usiouona. Gari likishindwa katikati, rudi kinyumenyume kwenye nyayo zako zile zile bila kugeuza. Breki zisikanyagwe kwa nguvu, zinajenga ukuta wa mchanga mbele ya magurudumu. Kusimama, simama pua ikitazama mteremko.

Likikwama, kosa la kila mtu ni lile lile: kukanyaga mafuta. Magurudumu yanachimba, na baada ya sekunde kumi tumbo la gari limekaa chini. Toa mguu mara moja, shukeni wote. Chimbeni mchanga mbele na nyuma ya kila gurudumu na chini ya tumbo, beleshi likiwapo vizuri, mikono ikibidi. Shusha upepo hadi 12. Zima mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza, maana unakata nguvu pale unapoihitaji. Nyoosha usukani, jaribu kutoka kinyumenyume. Kama ni kuvutwa, kamba ifungwe kwenye ndoano ya chesisi, si kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela. Kikivunjika kinaruka kama risasi. Watu wakae mbali.

Gari moja peke yake lisiende ndani sana. Simu hupotea mtandao baada ya matuta machache, kwa hiyo libaki kwenye njia zilizokanyagwa karibu na kambi, na kila mtu awe na lita 4 za maji. Mei hadi Septemba joto hupita digrii 40 na safari hii haifai. Novemba hadi Februari ndiyo majira yake. Mwenye mimba au mgongo mbovu asipande gari la kuruka matuta, na mwenye tumbo lililoshiba pilau atajuta kwenye tuta la tatu.

Jua likizama mchanga unapoa upesi, chukua sweta. Ukirudi Bidiyah dereva asiguse lami ndefu kabla ya kujaza upepo. Mafundi wa matairi wapo kando ya barabara na hujaza kwa dakika chache, lakini mashine ndogo ya kwenye buti itakuchukua nusu saa. Tairi la 15 likiendeshwa kwa kasi ya 120 linapata moto ubavuni na kupasuka, na usiku kwenye barabara hiyo kuna ngamia wanaovuka bila taa wala haraka. Mwambie dereva aende 100.