Namba 214

Lubumbashi, Alhamisi usiku

Kwa siku tatu namba 214 haikunitoka kichwani. Ninaandika usiku huu jinsi hifadhidata yetu ya malipo ilivyokuwa ikiyakataa madirisha, kabla sijasahau mpangilio wa mambo, kwa sababu Jumatatu, nilipokuwa natafuta msaada, nilitamani sana kusoma maelezo ya mtu aliyekwisha kupita njia hii na kuyaeleza kwa lugha ninayoitumia kufikiri.

Mimi ndiye ninayetunza seva ya hifadhidata ya shule kadhaa zilizo chini ya usimamizi mmoja. Ni mashine yenye umri wake, inatumia mfumo endeshi wa Linux na kuendesha MySQL, programu inayotunza hifadhidata, nayo imewekwa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya uhasibu, pamoja na betri zinazoishikilia umeme unapokatika. Madirisha ya malipo yapo katika matawi matano, yenye majina ya mitaa ya hapa Lubumbashi (Kenya hapa ni mtaa, si nchi): Kamalondo, Katuba, Kenya, Kampemba na, tangu mwanzo wa mwezi huu wa Septemba, Ruashi. Mzazi anapolipa, iwe kwa faranga au kwa dola, programu ya dirishani huandika malipo katika hifadhidata hiyo moja, kisha hutoa risiti. Risiti isipotoka, jina la mtoto halihami kutoka orodha ya wanaosubiri.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa tawi la Kenya, nikibadilisha printa, simu ilipolia. Alikuwa mama wa dirisha la Ruashi. "Papa, mashini imekatala," aliniambia. "Wazazi wako inje, tufanye namna gani?" Kabla sijamjibu, dirisha nililokuwa nimesimama karibu nalo likakataa pia. Mbele yake alikuwa amesimama mama mmoja mwenye biashara sokoni. Alikuwa amekwisha kufungua fundo la kitenge chake na kuhesabu noti moja moja juu ya meza. Aliombwa asubiri. Baada ya robo saa alizikusanya noti zake, akazikunja, akalifunga fundo upya, akaondoka bila kusema neno. Namkumbuka kwa sababu kosa lililomrudisha sokoni na fedha zake mkononi lilikuwa langu, na lilikuwa limelala ndani ya seva kwa miaka miwili.

Ujumbe uliokuwa ukionekana kwenye skrini ulikuwa kosa namba 1040, ambalo maana yake ni kwamba miunganisho ya kwenda kwenye hifadhidata imezidi idadi inayoruhusiwa. Nilishangaa, kwa kuwa miaka miwili iliyopita, tulipofungua tawi la nne, nilikuwa nimeandika mwenyewe katika faili ya mipangilio kwamba max_connections, yaani idadi ya juu ya miunganisho, iwe 500. Nikakimbilia ofisini. MySQL huweka nafasi moja ya ziada kwa ajili ya msimamizi hata pale nafasi nyingine zote zinapojaa, na nafasi hiyo ndiyo iliyoniwezesha kuingia. Nilipoiuliza hifadhidata yenyewe thamani ya max_connections, haikunijibu 500. Ilijibu 214.

Namba 214 haikuwepo katika faili yoyote niliyoandika. Nilitafuta katika mipangilio yote na sikuipata, na nakiri kwamba kwa saa nzima nilidhani kuna mtu ameigusa seva. Wakati huo wazazi walikuwa wakisubiri, basi nikazianzisha upya programu za matawi yote ili waliokwama waachie miunganisho yao. Foleni ikasogea mpaka jioni.

Usiku ndipo nilipofungua logi za zamani, yaani faili ambamo seva huandika matukio yake, zile ambazo zimekwisha kubanwa na kuwekwa kando. Mara ya mwisho seva kuwashwa ilikuwa mwishoni mwa Julai, tulipobadilisha betri, na katika dakika ile ile ya kuwaka, MySQL ilikuwa imeandika maonyo matatu yaliyofuatana. Max_open_files, idadi ya faili zinazoweza kufunguliwa, imebadilishwa kuwa 1024, zilizoombwa zilikuwa 5000. Max_connections imebadilishwa kuwa 214, zilizoombwa zilikuwa 500. Table_open_cache, idadi ya majedwali yanayowekwa wazi, imebadilishwa kuwa 400, zilizoombwa zilikuwa 2000. Ilikuwa imesema kila kitu. Hakuna aliyesoma.

Hapo hesabu ikaanza kueleweka, na napenda kuieleza taratibu kwa sababu ni hesabu nzuri. Katika Linux, kila kitu ambacho programu inakifungua, iwe faili ya jedwali kwenye diski au muunganisho wa mtandao kutoka dirisha la Katuba, huhesabiwa kama faili iliyofunguliwa, na kila mchakato, yaani programu iliyo kazini, umewekewa kikomo cha faili hizo. MySQL ilikuta kwamba imeruhusiwa 1024 tu. Ikatoa 10 kwa mahitaji yake yenyewe. Ikatoa 800 kwa ajili ya majedwali, kwa kuwa haikubali kushuka chini ya majedwali 400 na hukadiria faili mbili kwa kila moja. Zikabaki 214, nazo ndizo zilizoachwa kwa watu wote wanaotaka kuunganishwa. Upande wetu, programu ya kila tawi hushikilia hadi miunganisho 50. Matawi manne yalikuwa 200, na 200 ni pungufu ya 214, ndiyo maana kwa miaka miwili hatukuona lolote. Tulipoongeza Ruashi, ikawa 250. Ruashi haikuharibu kitu. Ilifika tu kwenye ukingo ambao ulikuwepo tangu zamani.

Jambo moja zaidi lilinichukua muda kulielewa. Vikomo hivi ni viwili: kile laini, ambacho mchakato unaweza kujiongezea wenyewe, na kile kigumu, ambacho ni dari lake. Seva yetu ilikuwa na 1024 kwa laini na 4096 kwa kigumu, na niliona ajabu kwamba MySQL haikujipandisha walau hadi 4096. Sababu ni kwamba iliomba 5000 kwa mkupuo, ombi likapita dari, likakataliwa lote, nayo ikabaki na 1024 yake ya mwanzo. Namba hiyo 1024 yenyewe ina historia. Kuna wito wa zamani wa mfumo, yaani njia ya programu kuiomba Linux huduma, uitwao select, ambao hauwezi kushughulikia namba ya faili iliyozidi 1023, na programu nyingi za zamani bado zinautumia. Hata systemd, programu inayoziwasha na kuzisimamia huduma za mashine, ilipopandisha dari hadi 524288 katika toleo la 240, Desemba 2018, kikomo laini kiliachwa kwenye 1024 kwa kuzihurumia programu hizo. Seva yetu ni ya kabla ya hapo.

Jumanne jioni, madirisha yalipofungwa, nilifanya kile ambacho karibu kila maelezo hushauri. Kwanza nilihakikisha kwamba kikomo cha mashine nzima kilikuwa kikubwa, na kweli kilikuwa cha mamia ya maelfu, hivyo hakikuwa chanzo. Kisha nikafungua faili ya /etc/security/limits.conf, nikaandika kwamba mtumiaji mysql apewe faili 65535, laini na kigumu. Nikaianzisha upya hifadhidata. Nikaingia kwenye mfumo kwa jina la mtumiaji huyo, nikaandika ulimit -n, amri inayoonyesha kikomo cha faili, nikajibiwa 65535. Nilizima taa nikaenda nyumbani nikiwa na amani kabisa.

Jumatano saa nne na nusu, simu ya Ruashi. Kosa lile lile, 1040. Hifadhidata ilipoulizwa: 214.

Haya ndiyo ninayotaka kuyaandika kwa uangalifu kuliko mengine yote. Jibu la 65535 nililopata Jumanne halikuwa la uongo, ila lilihusu kikao changu mimi niliyekuwa nimeketi mbele ya kibodi. Faili ya limits.conf husomwa na moduli iitwayo pam_limits, ya PAM, mfumo wa Linux unaoshughulikia watu wanaoingia kwenye mashine, na moduli hiyo hufanya kazi mtu anapofungua kikao, kama bawabu anayempa kila anayeingia kipimo chake mlangoni. Hifadhidata haipiti mlango huo. Mashine inapowaka, systemd ndiyo huizaa moja kwa moja, nayo hurithi vikomo vya systemd, bila kujali nimeandika nini katika limits.conf. Kuingia kwa jina la mysql hakukunifanya niwe ule mchakato unaoendelea kufanya kazi tangu jana yake. Jina lilikuwa moja, vikomo vilikuwa viwili tofauti.

Aliyepaswa kuulizwa ni mchakato wenyewe. Linux huweka ukweli wake wazi chini ya /proc, katika saraka yenye namba ya mchakato, kwenye faili iitwayo limits. Niliifungua, nikatafuta mstari wa faili zilizofunguliwa, nikasoma: 1024, kisha 4096. Kando yake, katika saraka ya fd, nilihesabu faili zilizokuwa zimefunguliwa kwa wakati ule. Amri hizo mbili hazichukui hata dakika moja. Kama ningezitumia Jumanne usiku, asubuhi ya Jumatano isingekuwa na foleni.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi. Jumatano jioni niliandika systemctl edit mysql, nikaweka chini ya sehemu ya Service mstari mmoja wa kikomo cha faili, LimitNOFILE=10000, nikaiamuru systemd isome upya mipangilio yake, nikaianzisha upya hifadhidata. Nilitumia njia ya edit badala ya kugusa faili ya huduma iliyokuja na kifurushi, kwa sababu faili hiyo inaweza kufutwa na sasisho lijalo na sisi tukarudi tulipokuwa. Mara hii sikuandika ulimit. Nilikwenda moja kwa moja kwenye /proc: 10000. Nikaiuliza hifadhidata: miunganisho 500, majedwali 2000. Nikasoma logi ya kuwaka kwake kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na maonyo yale matatu hayakuwepo. Nilikagua pia kikomo cha nyuzi (vijisehemu vya programu vinavyofanya kazi sambamba) ambacho systemd huiwekea kila huduma, kwa kuwa MySQL huanzisha uzi mmoja kwa kila muunganisho na sikutaka kutoka kwenye dari moja nikajigonge kwenye jingine. Kilitosha.

Mwenzangu wa uhasibu aliniuliza kwa nini nisiondoe vikomo vyote tumalizane. Nilimweleza kwamba kila muunganisho hula kumbukumbu, na seva yetu ina gigabaiti 8 tu. Programu yenye hitilafu inayofungua miunganisho bila kuifunga ni heri ikataliwe mapema, na kosa lionekane, kuliko iachwe mpaka mashine nzima izidiwe na keneli, kiini cha Linux, ianze kuua michakato ili kujiokoa. Naamini kikomo ni kitu chema, mradi anayekitunza ajue kipo wapi na ni kiasi gani. Na kwa kweli matawi hayahitaji miunganisho 50 kila moja. Dirisha la malipo lenye watu wawili linatosheka na chache sana. Nitaipunguza Jumamosi. Sikutaka kubadilisha mambo mawili kwa siku moja, kisha nishindwe kujua lipi limesaidia.

Leo nilikaa ofisini tangu saa mbili. Saa tano, foleni zilipokuwa ndefu kuliko wakati wowote wiki hii, nilitazama idadi ya juu kabisa ya miunganisho iliyofikiwa tangu hifadhidata iwashwe: 238. Ilikuwa imevuka 214 na hakuna dirisha lililokataa. Mama wa Ruashi alipiga simu, nami nikaipokea kwa moyo kudunda, lakini alitaka tu karatasi za printa. "Leo inatembea, Papa," alisema, nikasikia nyuma yake sauti ya risiti ikikatwa.

Kabla ya kufunga nilipiga simu tawi la Kenya kumuulizia yule mama wa sokoni. Hajarudi bado. Niliangalia katika hifadhidata, na jina la mtoto wake lingali katika orodha ya wanaosubiri. Nimewaomba wa dirishani waniarifu akifika, na nimemwandikia mhasibu kwamba mzazi huyo alikuja Jumatatu akiwa na fedha kamili, ili asije akahesabiwa miongoni mwa waliochelewa.