Makanga hajagonga, gari haliondoki

Juzi pale Buxton nimepanda matatu ya Bamburi, gari bado laita watu, mama mmoja mguu ndani mguu nje na kikapu chake cha maembe, nyuma kuna katoto kakaanza kugonga bodi kwa mchezo, pa pa, dereva naye bila hata kuangalia akatia gia. Weh! Maembe barabarani, mama anatukana ukoo mzima wa dereva, makanga anakimbilia gari huku anapiga kelele "si mie! si mie nlogonga!" Mie badala ya kusaidia kuokota (niliokota mawili, msinihukumu) nikawa nafikiria seli T.

Seli T ndo askari wa mwili, lakini haiamki kwa kuonyeshwa tu kipande cha kijidudu. Ile seli inayoionyesha hicho kipande, mara nyingi ni ya dendritiki (aina ya seli za kinga), lazima pia iwe imetoa nje protini za B7, yaani CD80 na CD86, zishikane na kipokezi cha CD28 kwenye seli T. Kipande cha kijidudu ndo abiria, B7 mkono wa makanga, CD28 ndo bodi. Na dendritiki haitoi B7 nyingi mpaka inuse hatari. Abiria wakijaa bila bodi kugongwa, seli T inazubaa, na hata ukija kuiamsha baadaye haiitiki vizuri, na hiyo ni njia mojawapo ya mwili kutojishambulia wenyewe.

Sasa turudi kwa kale katoto. Machi 2006, London, walijaribu dawa inaitwa TGN1412, antibodi (kingamwili ya kutengenezwa) ya kugonga CD28 moja kwa moja, abiria wawepo wasiwepo. Wanaume 6 wazima, hawaumwi chochote, wakadungwa dozi ndogo tu, wote 6 wakaishia ICU viungo vinagoma. Hawakufa, alhamdulillahi. Na tumbili walikuwa washapewa dozi kubwa kuliko hiyo wakakaa sawa, hapo ndo mie huwa nachoka kabisa.

Breki nayo ipo. Seli T ikishaamka inatoa CTLA-4, ambayo inashika B7 zile zile kwa nguvu kuishinda CD28, hata kuzing'oa inazing'oa, kama mtu kamkamata makanga mkono. Mwanasayansi mmoja wa Marekani, James Allison, akaona, je huyu mshikaji tukimzuia, seli T si zitaishukia saratani? Ikatoka dawa ya ipilimumab, ya kuizuia CTLA-4, Marekani wakaipitisha 2011 kwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, na 2018 akapata Nobeli pamoja na Tasuku Honjo wa Japani, yeye kwa breki nyengine, PD-1. Ila gari likikosa breki wagonjwa wengine huvimba utumbo, ngozi ikawasha. Na kuna dawa ya abatacept, kinyume chake, imetengenezwa kwa kipande cha CTLA-4 chenyewe, inatuliza yabisi ya viungo.

Kufika daraja la Nyali makanga ashakahamisha kale katoto, kamepakatwa katikati, mikono yote miwili imeshikwa.