Hawa hawana wenyewe?

Ijumaa usiku, na neno la Shangazi bado limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Harusi ya Bububu imekwisha salama, mdogo wangu kapata kazi Chake Chake, gari imeingia gereji mara mbili, na katika yote hayo mimi nimeshikilia neno moja la Jumanne.

Tulikuwa Mkunazini, hapa Unguja mjini, ukumbini kwa Shangazi, baada ya Isha. Mtoto wa dada aliweka Roof Culture Asia, ile filamu ya 2017 ya Storror, kundi la vijana saba wa Kiingereza wa parkour, mchezo wa kuruka na kupanda vikwazo vya mjini, wanaokwenda kuruka juu ya mapaa ya Hong Kong, Tokyo na Seoul. Shangazi alikuwa akichambua mchele. Kijana mmoja aliposimama ukingoni, mji mzima uko chini ya vidole vyake, Shangazi alinyanyua kichwa akauliza:

"Vijana hawa hawana wenyewe?"

Nikasema: "Wanao, Shangazi. Wamefanya mazoezi."

"Mazoezi," akasema, akarudi kwenye sinia yake.

Basi. Hakuna aliyegomba wala kununa. Lakini mimi ni fundi wa nyumba, na tangu hapo kila nikipanda ngazi kazini namjibu upya. Yeye aliuliza habari ya wenyewe, nami nikamjibu habari ya misuli. Mtu asiye na wenyewe ni mtu ambaye akianguka hakuna wa kumlilia, na hilo ndilo lililomuuma. Nilikuwa na jibu lake, nikalimeza.

Ningeanza na mikono. Anayeruka paa kwa akili hupapasa kabla hajaruka. Kiganja kinapita juu ya ukingo kutafuta vumbi, changarawe, mavi ya njiwa, rangi inayobanduka, ule utandu wa kijani unaoota pasipopigwa jua. Kisha anakanyaga kwa ncha ya mguu, kisha kwa uzito wote, na ukingo wa kuning'inia huvutwa kwanza mtu akiwa bado amesimama pahala salama. Halafu anafuta soli za viatu kwa mkono. Viatu vyenyewe ni vya soli nyembamba ya mpira, bapa, ya kipande kimoja, kwa sababu ile plastiki ngumu ambayo viatu vingine huwa nayo katikati ya unyayo huteleza kwenye bomba na kwenye ncha ya ukuta. Mpira mkavu juu ya saruji kavu hushika vizuri sana. Tone la umande linatosha kuharibu hesabu yote, na ndiyo maana mvua ikinyesha usiku asubuhi yake hawaruki, hata kama wametoka bara jingine kwa ajili ya paa lile lile.

Kisha ningemwambia juu ya kupima. Umbali hupimwa kwa nyayo, kiatu mbele ya kiatu. Pengo la juu haliwezi kutembewa, kwa hiyo hupimwa chini, kichochoroni, ukuta hadi ukuta. Umbali ule ule huchorwa kwa chaki sakafuni na kurukwa hapo mara nyingi, mpaka mruko unaofika umekuwa mrefu kuliko unaotakiwa. Mtu mzuri, akisimama bila kukimbia, hufika nyayo 10 hivi. Pengo likitaka 10 na yeye chini anafika 10 kamili, halirukwi. Lazima kiwepo cha akiba.

Paa la pili likiwa chini kidogo ndipo wengi wanapodanganyika. Chukua mtu anayekimbia mita 6 kwa sekunde na kujinyanyua kiasi cha kawaida. Mapaa yakiwa sawa atavuka mita 3 hivi. Paa la pili likiwa chini kwa mita 1, mtu huyo huyo kwa mbio hizo hizo atavuka kama mita 4 na nusu. Anapewa mita moja na nusu ya bure, na kijana mgeni huona kuruka chini ni rahisi. Bei yake inalipwa anapotua. Mwenye kilo 70 akishuka mita 1 na nusu na kukaza magoti, mwili ukasimama ndani ya sentimita 10, miguu hubeba mzigo wa kilo 1,100 hivi. Akikunja miguu taratibu mpaka mwili umeshuka nusu mita, mzigo huo huo unakuwa kama kilo 280. Kinachoamua ni nusu mita ya kukunja, na goti lisiingie ndani kuelekea goti jenzake. Anatua kwa mbele ya unyayo, kisigino kinabaki juu. Akiwa bado na mbio za mbele, anabiringika: bega moja, mgongo kwa mshazari, mpaka nyonga ya upande wa pili. Anayebiringika juu ya uti wa mgongo huona maumivu yake kesho yake. Na ukishuka wima bila mbio, kubiringika hakukusaidii sana.

Ukuta wa kudaka, ule unaorukiwa ukabaki umening'inia ukingoni, una kanuni yake pia. Miguu iguse kwanza, mikono ifuate kushika ukingo. Wanaoanza hutanguliza mikono kwa woga, mwili unabembea kama kengele, magoti yanagonga ukuta na vidole vinaachia.

Nililotaka zaidi kumwambia ni kwamba mchezo huu wenyewe una baba. Raymond Belle, aliyezaliwa Vietnam, alikuwa zimamoto wa Paris, kazi yake kupanda na kushuka majengo kuwatoa watu. Mwanawe David, na vijana wenzake wa vitongoji vya Lisses na Évry, walichukua mafunzo yale wakayafanya njia ya kupita mjini. Nyuma yao yuko Georges Hébert, mwanajeshi wa bahari wa Ufaransa, aliyekuwako Martinique mwaka 1902 mlima Pelée ulipolipuka, na mafunzo yake baadaye yalikuwa kwamba mtu awe na nguvu ili awafae wengine. Hata neno parkour limetoka kwenye jina la Kifaransa la njia ya vikwazo ya askari. Mwaka 2003 Waingereza walimwona Sébastien Foucan na wenzake wawili kutoka Ufaransa wakiruka juu ya Royal Albert Hall na juu ya meli ya HMS Belfast katika filamu ya Jump London, na vijana wengi wa Uingereza walianzia hapo. Kwa hiyo wale saba tuliowaona Jumanne ni wajukuu wa zimamoto. Wenyewe wapo, Shangazi. Wamefundishwa na waliofundishwa.

Tena hapana arukaye peke yake. Mmoja yuko upande wa kutua anatazama ukingo, mwingine yuko na kamera, mwingine anasikiliza ngazi kama kuna anayekuja. Na mtu akisema leo hapana, ni hapana, hasukumwi. Naliona hilo kuwa kubwa kuliko mruko wowote.

Tokyo ilinifurahisha kwa sababu za kazi yangu. Sheria ya kiraia ya Japani inataka nyumba iachwe sentimita 50 kutoka mpaka wa kiwanja, na ingawa maeneo mengine yana ruhusa ya kukaribiana, ukitazama kutoka juu unaona nyumba nyingi zimesimama kila moja peke yake na mfereji wa kiza katikati. Majirani wawili wakiacha kila mmoja nusu mita, pengo ni mita moja. Mtoto wa skuli analiruka akiwa chini. Juu ya ghorofa ya nane ni mita moja ile ile, na mwili unakataa.

Nilifika hapo katika kulipanga jibu langu Alhamisi asubuhi, niko juu ya kenchi Malindi, hapa hapa mjini, na misumari mdomoni, ndipo nikatambua kwamba Jumanne usiku Shangazi hakuwa akiitazama televisheni. Aliuliza huku anamtazama mtoto wa dada, aliyekaa juu ya mkeka na mdomo wazi. Ana miaka 16. Moyo ulinipasuka pale pale. Jibu langu lote zuri lilikuwa la watu wa mbali, na aliyeulizwa habari zake alikuwa kakaa kati yetu.

Kwa hiyo mchana nilimwita nikamwambia lisilowahusu wale wa Tokyo. Mapaa yetu si yale. Bati la geji 30 halifiki nusu milimita, linambeba mtu juu ya mstari wa misumari tu, pale papi, ule mti mwembamba wa kupigiliwa bati, ilipo chini yake, na pengine papi yenyewe imeliwa na mchwa. Chini ya bati kuna sakafu ya zamani ya chokaa, na chini yake boriti za mkoko. Boriti huoza kwanza ile ncha iliyoingia ukutani, kwa sababu ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji, na waliopiga lipu ya saruji juu yake wameyafungia maji ndani. Ukisimama chumbani unaiona boriti nzima, nyeusi, nzuri. Iliyooza ni ile sentimita 20 usiyoiona. Mzigo wa kilo 280 ukiiangukia ghafla, hata wa mtu anayejua kukunja magoti, inatosha. Beit el-Ajaib, lile jumba la sultani la Forodhani, ilijengwa 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa katika matengenezo, watu wawili wakafa. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mimi paa sitaki, Mjomba. Mimi nataka makachu."

Na makachu ya Forodhani, kule kuruka baharini kutoka ukutani, ina hesabu yake, nayo ni ya maji. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, kwa hiyo ukuta ule ule asubuhi una mawe na jioni una kina cha kukupokea. Siku za bamvua maji hujaa saa kumi kasoro au saa kumi na kitu jioni, kisha kila siku yanachelewa dakika 50 hivi. Anayejua jana hajui leo.

Alhamisi hiyo hiyo nilipita Mkunazini kuchukua sufuria ya harusi. Kijana alikuwa mlangoni, taulo begani. Shangazi yuko barazani.

"Maji yanajaa saa ngapi?"

"Saa kumi na robo, Bibi."

"Na nani anasimama ukutani kuwatazama?"

"Tunapokezana."

"Haya. Magharibi ikukute nyumbani."

Nilisimama na sufuria yangu nisiwe na la kuongeza. Nilifurahi mno, nikaja na furaha hiyo mpaka nyumbani. Hata sasa ninayo, lakini sijamjibu bado Shangazi lile la Jumanne, na naona Jumapili nitakwenda nikamjibu, na mchele nitamsaidia kuchambua.

Sasa ni saa sita na upepo umegeuka, unanuka mvua. Kule Malindi nimeacha magunia 12 ya chokaa ambayo haijamwagiwa maji, chini ya turubai lenye tundu upande wa kibla. Chokaa hiyo ikirowa ndani ya gunia hupata moto wenyewe na gunia kuungua, na mlinzi wa zamu simu yake haipatikani.